AHADI YA DHAHABU SI DHAHABU

Mwezi Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia ilipita dola 4,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Habari hiyo iliwafurahisha wachimbaji wetu, wakubwa kwa wadogo, na ni haki yao kufurahi. Lakini kila bei ya dhahabu inapopanda, hupanda pamoja nayo biashara nyingine isiyohitaji sururu wala karai, nayo ni biashara ya kuuza ahadi. Mwenye kuifanya hana mgodi. Ana leseni ya utafutaji, ana ramani yenye rangi nyingi, ana majibu ya mashimo machache yaliyochorongwa, na ana maneno matamu. Huchukua fedha ya mwananchi leo kwa ajili ya dhahabu ya kesho, na kesho hiyo daima huwa ni mwaka ujao.

Jambo hili linawahusu watumishi wa Serikali na walimu kuliko watu wengine. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge akipata fedha yake ana shamba la kuirudishia. Mwenye duka ana rafu za kujaza. Mtumishi na mwalimu ndio wenye mshahara unaofika kila mwezi, ndio wenye chama cha akiba na mikopo kazini, na ndio ambao siku ya kustaafu hukabidhiwa kwa mkupuo fedha nyingi kuliko zote walizopata kuzishika.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefundisha kwa miaka thelathini na zaidi, akajenga nyumba yake Ipuli katika Manispaa ya Tabora, na sasa amepokea kiinua mgongo chake. Nyumba inahitaji bati jipya, mtoto wa mwisho yuko chuoni, na mwili umeanza kudai dawa. Katika siku hizo hizo anafikiwa na habari za kampuni inayotafuta dhahabu, ambayo hisa zake bado ni za bei ndogo, na ambayo, kwa maneno ya mleta habari, itaanza kuzalisha mwakani. Mwalimu huyu si mjinga. Amefundisha hesabu maisha yake yote. Lakini hesabu aliyoletewa ina upande mmoja tu, nao ni upande wa faida.

PEMBE NA TEMBO

Tabora si mji mgeni katika biashara ya masafa marefu. Kabla reli haijafika hapo mwaka 1912, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifikia katika makazi ambayo wasafiri waliyaita Kazeh, kisha ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba mizigo, na biashara yenyewe aghalabu iliendeshwa kwa mali kauli. Tajiri wa Unguja alimkabidhi mfanyabiashara vitambaa, shanga na nyaya bila kulipwa fedha taslimu, naye mfanyabiashara akaahidi kurudi na pembe za ndovu, pengine baada ya miaka kadhaa.

Hatuisifu biashara ile, maana iliandamana na utumwa na machozi ya wazee wetu. Lakini ilikuwa na kanuni ambayo haifai kusahauliwa. Aliyekopeshwa alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa nyumba yake, na akishindwa kulipa palijulikana pa kumtafuta. Pembe ilipofika ilipimwa kwa frasila, kiasi cha kilo 16, mbele ya macho ya mwenye kutoa na mwenye kupokea. Hakuna mwenye akili aliyemwandika tembo wa porini katika daftari la pembe zilizoko ghalani.

Hisa za kampuni za utafutaji wa madini ni mali kauli ya siku hizi. Tofauti ni kwamba leo mwenye kukabidhi mali ni mwalimu wa Ipuli, mwenye kupokea yuko nchi asiyoijua, na tembo bado yuko porini. Tena kwa sheria huo si mkopo hata kidogo. Mwenye hisa ni mmoja wa wenye kampuni. Safari ikiharibika, wadai wote hulipwa kwanza, na yeye hupata kilichosalia, ambacho mara nyingi si kitu.

SOMO LA URAMBO

Mkoa huo huo wa Tabora una somo jingine, na somo hili halikuletwa na matapeli. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu kuja kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliosababishwa na vita. Ujumbe ulizunguka kwa majuma machache tu. Ukarudi na mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu iliyo kubwa ikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Kongwa ilichaguliwa, kadhalika Nachingwea, na katika nchi ya Unyamwezi ikachaguliwa Urambo.

Katika mwaka wa kwanza, 1947, lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mizizi na visiki vilivunja matrekta, udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua haikufuata mpango ulioandikwa London. Januari 1951 mradi ulivunjwa baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Urambo baadaye ilijipatia jina kwa tumbaku, zao ambalo ardhi yake ililikubali.

Waliobuni mradi ule hawakuwa wezi. Walikuwa na elimu, walikuwa na nia njema, na walikuwa na hazina ya taifa kubwa nyuma yao. Kosa lao ni kwamba waliandika mavuno kabla ya kupima udongo. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu wananchi wengi hudhani kwamba fedha hupotea pale tu palipo na mwizi. Si kweli. Fedha hupotea vilevile mikononi mwa watu waaminifu walioahidi wasichokijua. Kwa hiyo anayeuliza maswali hamtukani mtu yeyote, anadai kipimo.

MANENO NA MAANA YAKE

Ili kuipima ahadi ya madini hatuna budi kuyafahamu maneno yake, maana humo ndimo mwanya ulimo.

Leseni ya utafutaji ni ruhusa ya kutafuta. Si ushahidi kwamba kuna kitu cha kupatikana. Majibu ya uchorongaji ni habari za shimo moja, na shimo moja zuri haliufanyi mlima mzima kuwa mzuri. Migodi mingi ya dhahabu duniani huchimba mwamba wenye gramu chache tu katika tani moja. Wakia moja ni gramu 31 na kitu, kwa hiyo mwamba ukiwa na gramu 2 kwa tani, tani zaidi ya 15 hazina budi kuvunjwa, kusagwa na kuchenjuliwa ili ipatikane wakia moja tu.

Baada ya mashimo mengi ndipo hutolewa makadirio ya rasilimali, nayo yana madaraja matatu: iliyokisiwa, iliyoashiriwa na iliyopimwa. Ile iliyokisiwa imesimama juu ya ushahidi mdogo kabisa, na wataalamu hawaruhusiwi kuutegemea katika upembuzi yakinifu. Sehemu ya rasilimali iliyothibitishwa kwamba inaweza kuchimbwa kwa faida ndiyo iitwayo mashapo. Hata hapo bado hakuna mgodi. Inabaki kupatikana kwa leseni ya uchimbaji, fidia kwa wananchi, umeme, maji, barabara, na mamilioni ya dola ya kujengea kiwanda. Kati ya shimo la kwanza na mche wa kwanza wa dhahabu hupita miaka kumi, pengine ishirini, na miradi mingi huishia njiani.

Muuza ahadi huyaruka madaraja hayo yote kwa sentensi moja. Husema, "Tuna wakia milioni mbili," bila kueleza kama zimepimwa ama zimekisiwa. Kisha huzidisha wakia hizo kwa bei ya soko la siku ile, na tarakimu anayoipata huiita thamani ya kampuni. Huyo amemwandika tembo wa porini katika daftari la ghala.

Kuna jambo la pili ambalo halielezwi sana. Kampuni isiyozalisha haina mapato. Hujiendesha kwa kuuza hisa mpya. Chukua kampuni yenye hisa milioni 100, nawe umenunua milioni moja, yaani sehemu moja katika mia. Kila mwaka inauza nyingine ili ilipe mishahara, ofisi, safari na mitambo ya kuchoronga, mpaka hisa zinafika milioni 400. Hujauza hata moja, wala hujaibiwa kwa mujibu wa sheria, lakini sehemu yako sasa ni robo ya ile uliyonunua. Kila mwaka wa kungoja unaulipia wewe.

MIFANO YA NYUMBANI

Mifano tunayo hapa nchini, na yote iko wazi mbele ya umma.

Huko Magambazi, Handeni, kampuni ya Canaco ya Vancouver ilitangaza majibu mazuri ya uchorongaji. Hisa yake, ambayo mwaka 2009 ilikuwa chini ya dola moja ya Kanada, mwanzoni mwa 2011 ilipita dola 5. Kabla mwaka 2012 haujaisha ilikuwa imerudi chini ya dola moja. Dhahabu ya Magambazi ipo, haikuwa hadithi. Kilichokuwa hadithi ni ukubwa ambao soko lilijipangia lenyewe kabla ya makadirio rasmi kutolewa. Aliyenunua kwa 5 alinunua matumaini, na matumaini hayana soko yakishapoa.

Huko Buckreef, katika Mkoa wa Geita, dhahabu ilikwisha kuchimbwa katika miaka ya 1980. Mwaka 2011 Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliingia ubia na kampuni ya Tanzanian Royalty, ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa Toronto na New York. Hata mahali hapo, palipokwisha kujulikana kuwa na dhahabu, uzalishaji wa maana ulisubiri mpaka miaka ya 2020. Aliyenunua hisa mwaka 2011 kwa kutumaini mwakani alijifunza kuhesabu upya maana ya neno mwakani.

Nikeli ya Kabanga, Wilaya ya Ngara, iligunduliwa katika miaka ya 1970. Makampuni makubwa ya dunia yameipokezana moja baada ya jingine. Januari 2021 Serikali yetu ilitia saini mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel ambayo Serikali ina asilimia 16 ndani yake, na Julai 2025 upembuzi yakinifu ukatangazwa. Mpaka wakati huo, karibu nusu karne tangu kugunduliwa, hakuna nikeli iliyokuwa imezalishwa kibiashara. Tunautakia mradi huo mafanikio. Lakini miaka hiyo ni kipimo kizuri cha kumwonyesha kila anayesema kwamba mgodi hujengwa kwa msimu mmoja.

Na katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwaka 2014, kampuni ya Swala ya kutafuta mafuta na gesi iliuza hisa zake kwa shilingi 500 kila moja, na wananchi waliomba nyingi kuliko zilizotolewa. Hiyo haikuwa madini ya kuchimbwa kwa sururu, lakini biashara ni ile ile ya kutafuta. Miaka imepita, na nchi yetu haijazalisha pipa la mafuta ghafi. Hatudai kwamba mtu alidanganywa, maana biashara ya utafutaji hujulikana kuwa ya hatari. Tunauliza tu ni wangapi miongoni mwa walionunua waliosoma sehemu ya waraka inayoeleza hatari, na ni wangapi walioishia kwenye picha ya jalada.

WALIMU WA ONTARIO

Asidhani mtu kwamba haya huwapata Waafrika peke yao. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza kwamba imegundua dhahabu isiyo na kifani huko Busang, katika misitu ya Kalimantan, Indonesia. Kila mwezi wakia ziliongezeka kwenye karatasi. Kampuni iliyokuwa haina hata kiwanda ilifikia thamani ya dola bilioni 6 za Kanada. Machi 1997 mtaalamu wake mkuu wa miamba pale Busang, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta akafa. Mwezi Mei mwaka ule ule wakaguzi wa kujitegemea walitoa taarifa yao: sampuli zilikuwa zimetiwa unga wa dhahabu kutoka mahali pengine, na Busang hapakuwa na dhahabu ya kuchimba.

Miongoni mwa waliopoteza fedha ulikuwamo mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario, ambao hasara yake ilihesabiwa kuwa dola za Kanada zipatazo milioni 100. Mfuko ule ulikuwa na wachumi, wanasheria na wahasibu. Lakini dalili moja ilikuwa mbele ya macho ya wote. Desturi ya wachimbaji ni kupasua mwamba uliochorongwa nusu kwa nusu, nusu moja ikapimwe na nusu nyingine ihifadhiwe ili mwingine aweze kurudia kipimo. Bre-X ilisaga mwamba wote. Hapakubaki cha kurudia. Walioliona jambo hilo walikuwapo, lakini bei ilikuwa inapanda, na bei ikipanda maswali huonekana kuwa utovu wa adabu.

Baada ya aibu hiyo Kanada ilitunga kanuni mpya zilizoanza kutumika mwaka 2001, zinazotaka kila taarifa ya rasilimali isimamiwe na mtaalamu anayejulikana kwa jina na anayeweza kuwajibishwa. Yaani walirudi kwenye kanuni ya wazee wa msafara: mdhamini ajulikane, na pembe ipimwe.

NZEGA NAYO ISEME

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila ahadi ni ya uongo. Katika Mkoa wa Tabora wenyewe, karibu na mji wa Nzega, mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 1998, ukiwa wa kwanza miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya zama hizi nchini, na ulifungwa mwaka 2014 baada ya kutoa wakia zaidi ya milioni 2. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hapakuwa ndoto. Bulyanhulu ilikuwa mradi wa kampuni ndogo ya watafutaji kabla haijanunuliwa na Barrick mwaka 1999, na mgodi ukafunguliwa mwaka 2001. Bila watu waliothubutu kuhatarisha fedha zao, dhahabu hiyo ingekuwa bado ardhini.

Wapo kwa hiyo watakaosema kwamba maoni haya yanawavunja moyo wawekezaji. Tunawajibu kwamba mtafutaji mwaminifu hana la kuogopa katika maswali. Anayeyaogopa ni yule ambaye majibu hana. Tena hata mgodi wenye dhahabu hauhakikishi faida ya mwenye hisa. Hisa za African Barrick, iliyoitwa Acacia baadaye, ziliuzwa London mwaka 2010 kwa peni 575. Dhahabu ilichimbwa, lakini ukaja mgogoro wa makinikia wa mwaka 2017, na Barrick ilipoinunua kampuni nzima mwaka 2019 bei ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa dhahabu inayoonekana, itakuwaje kwa ile isiyoonekana?

Fedha ya kuhatarishwa ipo duniani, nayo ni ile ambayo mwenyewe akiipoteza hatalala njaa. Kiinua mgongo si fedha ya namna hiyo. Kiinua mgongo ni mshahara wa miaka ambayo mtu hataweza tena kuifanyia kazi.

TULIVYOFIKA HAPA

Ni vizuri pia tukumbuke kwa nini elimu ya hisa ni changa miongoni mwa watumishi wetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, wakiwamo watumishi wa Serikali wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na hisa katika makampuni. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya masoko ya mitaji ilipitishwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likafungua milango ya mauzo Aprili 1998. Kwa hiyo kwa muda wa karibu robo karne mtumishi hakuwa na sababu ya kujifunza hisa ni kitu gani, na watoto wake hawakuisikia habari hiyo mezani. Pengo hilo ndilo wanalopita nalo wauza ahadi. Ndilo lililopitiwa na DECI, ambayo wananchi waliambiwa wapande fedha wavune zaidi ya walichopanda, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009.

MASWALI MATANO

Sisi tunashauri kwamba mtumishi au mwalimu anayeletewa hisa za madini aulize maswali matano kabla ya kutoa hata shilingi moja.

La kwanza: kampuni hii imezalisha nini mpaka leo? Isielezwe itazalisha nini. Kama jibu ni kwamba haijazalisha kitu, basi ajue kwamba ananunua utafutaji.

La pili: wakia zinazotajwa ziko katika daraja gani, na nani ametia saini yake? Mtaalamu awe na jina, na asiwe mtumishi wa anayeuza.

La tatu: fedha iliyobaki katika akaunti ya kampuni inatosha miezi mingapi, na tangu mwaka juzi hisa zimeongezeka kutoka ngapi kufika ngapi?

La nne: mara ya mwisho kampuni ilipotaja tarehe ya kuanza kuzalisha, tarehe hiyo ilifika, na ilipofika nini kilitokea? Aliyesogeza tarehe mara tatu ataisogeza ya nne.

La tano: anayeniuzia analipwa na nani, na je, ana kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Leseni ya madini nayo inaweza kuulizwa Tume ya Madini, ambayo ndiyo mwenye daftari la leseni zote.

Mwenye kuuza akikasirishwa na maswali hayo, hilo nalo ni jibu.

WAJIBU WA WENYE DHAMANA

Lakini si haki mzigo wote kuachiwa mnunuzi. Wenye dhamana nao wana wajibu wao.

Kwanza, waraka wa matarajio unaotolewa kwa wananchi wa Tanzania uanze kwa muhtasari wa Kiswahili chepesi, usiozidi kurasa mbili, unaosema kipi kimepimwa, kipi kimekisiwa, fedha itatumika wapi na viongozi wa kampuni wanalipwa nini. Mara nyingi nyaraka hizi ni mamia ya kurasa za Kiingereza cha wanasheria, na sehemu ya hatari imefichwa katikati kwa herufi ndogo. Mtu hawezi kusemwa kwamba amekubali hatari ambayo hakuelezwa kwa lugha yake.

Pili, waajiri na mifuko ya pensheni wawape wastaafu watarajiwa mafunzo ya fedha mapema, si juma moja kabla ya kuondoka kazini. Afisa utumishi anayejaza fomu za mafao anajua vizuri ni nani atapokea nini na lini. Neno lake la hekima kwa wakati linaweza kuokoa nyumba.

Tatu, vyama vya akiba na mikopo visikopeshe fedha ya wanachama kwa ajili ya kununua hisa za kampuni zisizozalisha. Akiba ile ni jasho la wengi. Asipewe mmoja aende akachezee bahati.

Nne, walimu wenyewe walibebe somo hili. Hesabu ya hisa zinazoongezeka na sehemu inayopungua ni hesabu ya sehemu na asilimia tu, nayo inaweza kufundishwa katika darasa lolote la sekondari. Mtoto aliyeifanya ubaoni hatauziwa mbuzi kwenye gunia akiwa mtu mzima.

Tanzania ina madini, na yataendelea kuchimbwa sisi tukiwa hai na tukiwa hatupo. Dhahabu haiozi ardhini. Imekaa huko tangu kuumbwa kwa miamba, na inaweza kumsubiri mwalimu wa Ipuli miezi mitatu zaidi wakati anatafuta majibu ya maswali yake. Anayemwambia kwamba nafasi itapotea jioni hii anazungumzia nafasi yake mwenyewe ya kuuza.

Mwalimu huyo na aezeke nyumba yake, amlipie mwanawe ada, aweke akiba ya dawa. Kikibaki cha ziada, na akataka kujaribu bahati katika madini, ni haki yake, mradi adai kwanza kile ambacho kila mnunuzi wa Kazeh alikidai: pembe iletwe hapa, iwekwe kwenye mizani, tuione.